Nani Kasema La Vie est belle Si Mila Yetu?

Katika kikao cha kamati kilichotayarisha kijitabu hiki, niliposema nataka kuandika juu ya filamu La Vie est belle, mzee mmoja ninayemheshimu sana alivua miwani yake, akanitazama, akasema: "Mwalimu, ile filme ni ya batu ba Kinshasa. Siye inatuangalia nini?" Watu wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba kijitabu ni cha mila na desturi. Tuandike juu ya bwami, juu ya tohara, juu ya mahari na majina ya koo, juu ya namna baba zetu walivyovua ndagala usiku kwa mwanga wa taa. Mambo ya Papa Wemba tuwaachie vijana.

Siku ile nilinyamaza. Mkubwa akisema mbele ya watu, hajibiwi hapohapo. Lakini kunyamaza si kukubali, na kwa kuwa kamati mwishowe imenipa kurasa hizi (nafikiri ni kwa ajili ya kuniondoa mlangoni), najibu kwa kalamu.

Kwanza kwa vijana ambao hawaijui. La Vie est belle ni filamu ya kuchekesha iliyopigwa Kinshasa, ikatoka mwaka 1987. Waliiongoza watu wawili: Ngangura Mweze, Mkongomani, na Benoît Lamy, Mbelgiji. Haikuwa filamu ya pesa nyingi kama zile za Marekani. Waliipiga kwenye barabara zenyewe, nyua zenyewe, baa zenyewe, na wengi wa watu unaowaona mle walikuwa wakiishi mjini mlemle. Papa Wemba ndiye Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayeingia Kinshasa akitaka kupiga muziki wa umeme. Njaa inamfanya awe boyi nyumbani kwa bwana mkubwa mmoja aitwaye Nvouandou, mwenye klabu ya usiku. Bwana huyo ana pesa, ana gari, ana mke aitwaye Mamou, lakini kitandani nguvu zimemwishia. Anakwenda kwa mganga. Mganga anamwambia aoe binti ambaye hajamjua mwanaume, na tena asimguse kwanza kwa siku kadhaa. Binti anayepatikana ni Kabibi, na Kabibi huyohuyo ndiye moyo wa boyi umemwangukia. Yanayofuata unaweza kuyakisia, na bado utacheka. Pépé Kallé yumo na ukubwa wake wote, na Emoro, yule mcheza dansi mfupi wa Empire Bakuba, yumo pia.

Sasa nimjibu mzee wangu. Filamu ni ya watu wa Kinshasa? Ngangura Mweze alizaliwa Bukavu mwaka 1950. Ni mtoto wa Kivu. Alipokwisha kusomea sinema Ubelgiji na kufundisha Kinshasa, akiisha kupata jina, alirudi Ngweshe, kule Walungu, akapiga filamu ya kweli juu ya mwami, ng'ombe na mgomba, ikatoka mwaka 1994. Mwaka 1999 filamu yake nyingine, Pièces d'identités, ile ya mfalme mzee anayekwenda Brussels kumtafuta binti yake, ilipata tuzo kubwa kuliko zote kule Ouagadougou, yule Farasi wa Yennenga. Mtu wa jimbo letu akachukua taji la sinema ya Afrika nzima, na mimi naulizwa inatuangalia nini! Kama angekuwa mchezaji mpira, tungeisha kumpa jina la uwanja.

Na huyo Papa Wemba mnayemwachia vijana: sauti yake ilitoka wapi? Mama yake alikuwa mwombolezaji, mwanamke wa kuitwa kwenye matanga kuimba kilio, na mtoto alikuwa akifuatana naye. Alisema mwenyewe mara nyingi kwamba shule yake ya kuimba ilikuwa kule. Mpaka alipoanguka jukwaani Abidjan mwezi wa nne mwaka 2016 akafa, kile kilio cha matanga hakikuwahi kumtoka kooni. Kwetu Ubembe mama anayejua kulia msiba tunampa heshima, tunasema ni mila. Mtoto wake akitia gitaa chini ya kilio kilekile, tunasema ni mambo ya baa. Hapo mimi sielewi mpaka tunauchora wapi.

Lakini hiyo bado siyo hoja yangu yenyewe. Ninachogombania ni namna sisi tulivyoitazama filamu ile, hapa Baraka, kisha Lugufu, kisha Baraka tena.

Kaseti ya kwanza niliyoiona ilitoka Bujumbura, mwanzo wa miaka ya 90. Kulikuwa na nyumba moja karibu na soko, madirisha yamezibwa na mablanketi, mabenchi ya shule (tusiulizane yalitoka shule gani), televizyo moja, deki moja, na grupu nje inayonguruma mpaka huwezi kusikia kitu. Na hata ungesikia, ungesikia nini? Ile filamu watu wake wanaongea Kifaransa. Kinshasa nzima, mama wa soko na boyi na mganga, wote Kifaransa! Hili ndilo kosa kubwa la filamu, nalisema waziwazi hata kama naipenda. Nyimbo ni za Kilingala, lakini maongezi yaliandikwa kwa ajili ya watu watakaonunua tiketi Ulaya na kwa ajili ya wenye kusoma sana huku kwetu. Mama anayeuza ndagala pale bandarini hakuhesabiwa.

Basi ndipo akaingia mtu ambaye jina lake sitaliandika, kwa kuwa watoto wake wako na sikuwaomba ruhusa. Wote tulimwita Mfasiri. Alikuwa amefika sekondere, hakumaliza. Alikuwa anasimama kando ya televizyo na fimbo ya mianzi mkononi, na tangu mwanzo wa filamu mpaka mwisho alikuwa anaongea. Alikuwa anafasiri kwa Kiswahili, akichoka na Kiswahili anaingia Kibembe, akitaka kumtukana mtu anatumia Kilingala. Nvouandou alimpa sauti ya tajiri mmoja wa hapa ambaye kila mtu alimfahamu, na tajiri mwenyewe alilipa kiingilio akaja kujisikia. Mganga alimfanya ametoka Ubwari. Siku watu wa Ubwari wakiwa wengi ndani, mganga anahama, anakuwa wa Kalembelembe. Mama yake Kabibi, anayemsukuma binti kwa mwenye pesa, alikuwa anasema kama mama mwenye kupanga beya ya mihogo: kidogo anapandisha, kidogo anashusha, anatema mate. Watu walikuwa wanamjibu. Mfasiri naye anawajibu. Filamu ya saa moja na nusu ilikuwa inakwenda saa mbili na zaidi, maana alikuwa anasimamisha kaseti ili amalizane na mtu aliyembishia kutoka nyuma.

Sasa nawauliza wakubwa wangu wa kamati: mtu anayesimama mbele ya watu usiku, akachukua hadithi ya mbali akaivika nguo za kwetu, akaibadilisha kwa kadiri ya waliokaa mbele yake, wao wakimwitikia, huyo tunamwita nani katika mila zetu? Angekuwa amekaa kwenye moto na hana televizyo, mngekuja na dafutari kumwandika. Kwa sababu alikuwa na fimbo na deki, mnasema alikuwa mchuuzi wa video.

Tena kazi ile haikuanza jana. Katika miaka ya 50, mapadri wa Kibelgiji walikuwa wanapiga filamu zao wenyewe kwa ajili ya Wakongomani, kwani serikali ya koloni ilikuwa inachuja mtu mweusi aone nini na asione nini. Kasai kulikuwa na padri Van Haelst na filamu zake za Matamata na Pilipili, mmoja mnene mmoja mwembamba, wanaanguka, wanafukuzana, mwishoni mafundisho. Bukavu nako Mapadri Weupe walipiga za kwao. Filamu hizo zilikuwa zikioneshwa kwenye viwanja vya misheni na mtu amesimama kando anazieleza kwa lugha ya watu. Padri alileta picha, lakini mwenye kueleza ndiye aliyeamua watu wacheke wapi, na wazee waliokuwa watoto wakati ule wanasimulia kwamba maelezo hayakuwa yanafuata mafundisho sana. Dar es Salaam, zama za kaseti, alitokea Lufufu aliyetia Kiswahili chake juu ya filamu za kigeni, na jina lake likawa kubwa kuliko la wachezaji wa filamu. Kampala wako wale wanaoitwa maviiji. Kwa hiyo Mfasiri wetu alikuwa na ndugu pande zote za maziwa haya, na kazi aliyoishika ilikuwa imeshapita vizazi viwili. Mila inataka umri gani ndipo iitwe mila? Na tusisahau Lubumbashi, ambako kundi la Mufwankolo lilichekesha nchi nzima kwa Kiswahili kwenye televizyo. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo mzima kutoka katika msemo wa wazee kwamba mamlaka huliwa nzima, na mtaalamu mmoja wa mila za watu, Johannes Fabian, akaukalia, akauandika neno kwa neno, akautolea kitabu. Kwa mgeni mchezo wa televizyo ulikuwa mila ya kutosha.

Mwaka 1996 vita vikaja. Mnajua. Wengi wetu tulivuka ziwa kwenda Kigoma, na toka 1997 mimi na wangu tulikuwa Lugufu. Vitu vilivyobaki Baraka na Fizi havikutukuta tena: madafutari ya ukoo, picha za arusi, santuri, kaseti. Kila nyumba ina hesabu yake. Lakini kaseti ya La Vie est belle ilivuka. Mfasiri aliibeba ndani ya sufuria pamoja na unga. Mke wake hakumsamehe mpaka leo, kwani anasema sufuria ilikuwa ya lita kumi na ingebeba unga zaidi.

Kambini, chini ya shitingi ya HCR, akapata deki ya kukodi kutoka Kigoma, na hapo likatokea jambo. Picha ikawa nyeusi na nyeupe! Watu wakadhani kaseti imeharibika kwa maji ya ziwa. Mimi mwenyewe nilikuja kuelewa baadaye sana. Zaire, kama Burundi, ilifuata mtindo wa televizyo wa Wafaransa, uitwao SECAM. Tanzania ilifuata PAL. Kaseti ya mtindo mmoja kwenye deki ya mtindo mwingine mara nyingi inakwenda vizuri, ila rangi zinapotea. Basi watoto waliokulia Lugufu walimjua Kourou wa kijivu, Kinshasa ya kijivu, na wengi wao mpaka wanakuwa watu wazima waliamini kwamba ile ni filamu ya zamani za Wabelgiji. Na Mfasiri, kwa vile rangi hazipo, akaanza kuzisema. "Kabibi hapo amevaa nyekundu," anasema, "nyekundu ile ya pilipili ya Mboko." Watoto wanafumba macho wapate kuiona nyekundu. Hakuna filamu nyingine ninayoijua ambayo watu walifumba macho ili waitazame.

Nimefika kwenye kopi mpya. Mwaka jana mtoto wa dada yangu, aliyetoka Nyarugusu akapelekwa Marekani na sasa yuko huko na familia, alinitumia filamu ndani ya kichongoma kidogo cha kompyuta, hizi mnaziita flashi. Kopi iliyosafishwa kwa mashine za leo. Mikwaruzo hakuna, zile mvua nyeupe za kaseti hakuna, sauti haina mnguruno. (Nilimwambia mapema awe mwangalifu na jina: kuna filamu ya Kitaliano ya Benigni ya mwaka 1997, kwa Kifaransa nayo inaitwa La vie est belle, na nyingine ya Marekani ya zamani hivyohivyo. Mara ya kwanza alinitumia ya Kitaliano. Nililia usiku mzima, ni filamu nzuri, lakini siyo ile.)

Niseme haki: nilifurahi kama mtoto. Nimeona mambo ambayo miaka thelathini sikuyaona. Nimeona jasho usoni pa Papa Wemba, nimeona nyuma ya waongeaji watu wanaopita barabarani na kugeuka kutazama kamera. Na nguo ya Kabibi pale ambapo Mfasiri alikuwa anatuambia nyekundu ya pilipili? Siyo nyekundu. Nilisimamisha picha nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akatoka chumbani. Mzee yule alikuwa ametudanganya miaka saba Lugufu, na alifanya vizuri.

Kwa hiyo mimi simo kati ya wale wanaosema kaseti chafu ni bora kuliko picha safi. Huo ni upuuzi wa watu wasiowahi kukaa mbele ya kaseti chafu. Ukungu wa karibu na ziwa unakula utepe. Unakuja kama unga mweupe kwenye ukingo, halafu utepe unashikamana, halafu deki inautafuna. Asiyesafisha anapoteza. Ngangura na wenzake walistahili picha yao irudi ilivyokuwa siku walipoipiga.

Ugomvi wangu ni na wale, na ndani ya chama chetu wako, wanaosema sasa kazi imekwisha. Eti filamu sasa iko, safi kabisa, ya nini kusumbuka na makaseti ya zamani? Ndugu zangu, iliyosafishwa ni filamu ya Kinshasa. Mzee wangu wa miwani alisema kweli bila kujua! Ile kopi ni ya watu wa Kinshasa na ya Wabelgiji na ya watu wa Ulaya waliolipa tiketi. Ya kwetu ni ile yenye sauti ya Mfasiri juu yake, na hiyo hakuna mashine ya Marekani wala Brussels itakayoisafisha, kwani hawajui kama iko.

Na iko. Usiku mmoja wa mwaka 2003, Lugufu, kijana mmoja aliweka redio-kaseti chini ya benchi akarekodi Mfasiri tangu mwanzo wa filamu. Kaseti mbili, upande A na B. Moja ukungu umeila, nimejaribu kuifungua na kuifuta kwa pamba, haikufaa. Nyingine inasikika. Inaanza pale Kourou amekwisha kuingia kazi nyumbani kwa bwana mkubwa na inakatika kabla ya mwisho. Dakika karibu sitini. Unasikia grupu, unasikia mvua kwenye shitingi, unasikia mtoto anakohoa, unasikia sauti ya mama mmoja anayebishana na mganga kama vile mganga yuko mbele yake, na ninyi nyote mnaomjua mama yule mnajua hayuko tena. Alirudi kwa meli Mwongozo kama sisi wengine, nadhani mwaka 2006, akaishi hapa miaka michache. Hatuna picha yake. Sauti yake iliyobaki duniani ni ile, anamwambia mganga wa filamu kwamba dawa yake ni ya uongo.

Sasa niingie mahali ambapo wengine watakasirika. Nimeisikiliza kaseti ile mara nyingi, na Mfasiri hakuwa malaika. Hadithi ya filamu ni kwamba mwanaume mwenye pesa anaoa msichana kama mtu anayenunua vidonge. Ngangura anamcheka mwanaume. Ukiitazama sasa kwa picha safi unaona wazi kwamba anayechekwa ni Nvouandou, tangu mwanzo mpaka mwisho, na wanawake ndio wenye akili. Lakini Mfasiri wetu, penye hapo, alikuwa anaegemea upande wa mzee. Alitia methali zetu mdomoni mwa Nvouandou. Alisema mahari ikishatoka maneno yamekwisha. Watu wakapiga makofi, na makofi yale ni ya wanaume, inasikika. Wasichana wangapi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yale, wa miaka kumi na mitano, kumi na sita, ambao baba zao walikuwa wamepanga hivyohivyo, maana kambini njaa ilikuwa inaoza watu haraka? Mimi mwenyewe nilipiga makofi. Nilikuwa mwalimu wao.

Mtu mmoja wa kamati aliposikia habari hii aliniambia: basi ndiyo sababu nzuri ya kuiacha kaseti, itatuaibisha. Nasema kinyume. Kama tunahifadhi mila kwa ajili ya kujipamba, tuseme hivyo kwenye jalada. Mila ni pamoja na yule anayedanganya juu ya mahari na pamoja na yule mama anayembishia mganga kutoka benchi la nyuma. Katika kaseti wako wote wawili, usiku mmoja, mvua moja. Kijana wa leo akisikiliza atajua kwamba hata wakati ule si kila mtu alikuwa anaitikia. Katika vijitabu vyetu, nisameheni, kila mtu anaitikia. "Wabembe huamini." "Wabembe hufanya." Wabembe wapi, ambao hawabishani?

Na kuna hoja nyingine, ya wasomi wetu waliotoka vyuo. Wanasema vichekesho havina uzito. Kama ni filamu, tuchukue zenye ujumbe. Ngangura alijibiwa hivyo na watu wazito wa sinema ya Afrika, akaandika kuwajibu: filamu za Waafrika zimechoka kuwahutubia watu wasiokuja kuzitazama, na kumfurahisha mtazamaji wa nyumbani si dhambi. Mimi niko naye, isipokuwa kwa Kifaransa chake. Nakubali pia kwamba filamu inanyamaza mambo makubwa. Mwaka 1987 Mobutu alikuwa mwaka wa ishirini na mbili kwenye kiti, na mle ndani hata kivuli chake hupati. Huku Fizi miaka hiyo ilikuwa bado miaka ya askari na ya maki. Kabila alikuwa na Hewa Bora yake milimani, Moba ilishambuliwa 1984 na tena 1985, na raia ndiye alikuwa akilipa kwa pande zote mbili. Jina "maisha ni mazuri" lilifika kwetu kama mzaha. Lakini Mfasiri alijua. Kila Nvouandou anapoingia na gari lake, alikuwa anasema "Kamanda amefika," na chumba chote kinanyamaza kidogo kabla ya kucheka. Ujumbe mnaoutafuta ulikuwa pale kwenye fimbo ya mianzi.

Yaliyobaki ni mambo ya pesa, na hapa sitazunguka. Chama kina akiba. Si kubwa, lakini wote tulichanga. Pendekezo lililo mezani ni kununua vitenge vya sare kwa ajili ya sherehe, vyenye maandishi ya chama mgongoni. Pendekezo langu, ambalo katibu aliliandika mwisho kabisa wa muhtasari chini ya "mengineyo", ni hili: tutafute deki mbili zinazofanya kazi, moja ya video na moja ya kaseti za kusikiliza. Tutafute fundi. Tutangaze sokoni, kanisani, msikitini, Fizi, Baraka, Mboko, Kazimia, kwamba mwenye kaseti yoyote ya zamani ailete, iwe ya arusi, ya matanga, ya kwaya, ya mahubiri, ya mchezo wa shule, ya Mfasiri. Tunanakili, tunamrudishia ya kwake. Kisha ile dakika sitini ya Lugufu tuifunge juu ya filamu safi, mahali pake, ili mtu akitaka asikie Kifaransa, na akitaka asikie mvua kwenye shitingi. Mpwa wangu anasema kwa kompyuta ni kazi ya jioni mbili. Bila shaka tutawaomba wenye filamu ruhusa, Ngangura mwenyewe ni mtu wa kwetu, na ombi kutoka Baraka sidhani atalitupa kabla ya kulisoma.

Nimeambiwa vitenge vinaonekana na kaseti hazionekani. Kweli. Kitenge kinaonekana miaka mitatu kisha kinakuwa cha kubebea mtoto, kisha cha kupangusia. Wenye kutaka sare wavae zile za mwaka jana, hazijapauka.

Mfasiri bado yuko hai. Ni mzee sasa, mguu mmoja haufai, anakaa nje asubuhi akitazama ziwa. Nilimpelekea filamu safi kwenye kompyuta ya kubeba ya kijana mmoja. Alitazama bila neno mpaka Mamou alipoingia, akaniambia: "Hiyo sauti iteremshe." Nikaiteremsha. Akaanza. Meno yamepungua, maneno mengine hayatoki vizuri, lakini alianza, na watoto waliokuwa wanapita na madumu ya maji wakasimama. Alipofika kwenye nguo ya Kabibi aliona mwenyewe rangi yake ni ipi. Alinyamaza kidogo, akanitazama, akawaambia watoto kwamba ni nyekundu.

Sikuwa na kitu cha kurekodi siku ile. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji. Kikao kijacho cha kamati ni baada ya wiki mbili, na deki ya kaseti iliyoko kwangu imekatika mkanda. Mwenye deki nzima, hata ya kukodi, anione nyumbani au shuleni kabla ya siku hiyo.